Mlango Usiopitisha Ng'ombe

Mugonile, ndugu zangu. Mzee wa kanisa aliponiita hapa mbele alininong'oneza, "Mama, shuhudia kwa unyenyekevu." Unyenyekevu huo nimeutafuta tangu asubuhi, sijauona. Basi nitashuhudia hivi hivi nilivyo, na Kyala aliyeniumba ananijua.

Nitasema Kiswahili changu hiki cha gulioni, maana akina mama wa Kikisi wametoka ufukweni na mitumbwi kuja kutusikiliza, na Kinyakyusa changu kikishika kasi hawakifikii. Majina sitaji. Baadhi ya watu nitakaowasema wamo humu ndani, na yule anayetazama vidole vyake vya miguu sasa hivi atulie, sijamfikia bado.

Nimesimama kwa sababu ya mama mmoja kati yenu, mjane kama mimi, aliyenifuata kisimani akaniuliza, "Wewe ulijuaje kwamba wakati wa kuiacha nyumba kubwa umefika?" Nikamwambia jibu lake ni refu, ndoo yangu imejaa, angoje Jumapili. Jumapili ndiyo hii.

Mume wangu alikuwa fundi wa nyumba. Yetu kule Ngonga aliijenga mwenyewe, ndefu, ya mianzi aliyoichagua mmoja mmoja. Upande mmoja moto na kitanda, upande wa pili ng'ombe, na mlango kila upande. Wageni wanaoshuka milimani hutucheka eti tunalala na mifugo. Wacheke. Sakafu yangu ungeweza kumwaga mchele ukauokota wote bila chembe ya mchanga. Ukuta nilikuwa nimeupamba kwa udongo mwekundu na mweupe, na watu wakipita njiani walikuwa wanapunguza mwendo ili waone. Nilijivunia nyumba ile, kwa nini nifiche?

Mjerumani alipotaka wabeba mizigo wa kwenda boma la juu, mume wangu naye akachukuliwa. Alirudi akikohoa, na kikohozi kile ndicho kilichomwondoa. Tulimzika uani, kati ya mlango na migomba. Mtoto wa kiume sikujaliwa, nina mabinti watatu, wote wameolewa. Ng'ombe walirithiwa na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Hilo sikulipinga. Desturi ni desturi, na ng'ombe wale walikuwa wa ukoo kabla hawajawa wetu.

Nikabaki na nyumba ndefu, moto mmoja, na panya. Nilikuwa naifagia yote kila asubuhi, hata upande ule usio na kitu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Paa likaanza kuvuja. Paa refu linataka nyasi za kuezeka nyumba mbili, na mtu wa kuziezeka yuko chini ya udongo. Majirani wakaniambia vumilia mama, nyumba kubwa ni heshima. Nikavumilia.

Halafu jioni moja nasikia kwato uani. Natoka na ungo wangu mkononi, namkuta shemeji anaswaga ng'ombe wake kuelekea mlango wangu.

"Shemeji, hawa wanakwenda wapi?"

"Wanakuja kulala. Nyumba haiachwi tupu, shemeji, si vizuri."

"Na kesho?"

"Kesho wataenda malishoni, jioni watarudi." Akasimama akashika mlango kama mtu anayejaribu uimara wake. "Kwetu unajua mwenyewe. Ng'ombe wa mtu wanapolala ndipo nyumbani kwake. Na kilichomo ndani ni chake."

Ndugu zangu, nawaambia, aliposema kilichomo ndani hakunitazama. Mimi nikautazama ungo. Nikajitazama na mimi. Sote wawili tulikuwamo.

Alikuwa na wake wawili tayari, na sikuwa na haja ya kuwa wa tatu. Lakini desturi ilikuwa upande wake. Matanga ya mwisho yalikuwa yafanyike mvua zikishaanza, na baada ya matanga angekuja kulala yeye mwenyewe, si ng'ombe tu. Mtu asingemzuia. Nyumba yake, ng'ombe wake, moto wake, na mimi ninayeukoka.

Nikaomba ushauri, na ushauri haukosekani duniani. Huyu akasema ngoja, atachoka. Yule akasema kubali tu, utakuwa na mtu wa kuezeka. Na nyinyi dada zangu wa kanisani, wakati ule nilikuwa bado nawasalimu kwa mbali, mkaniambia nikimbilie misheni, wajane wengi wamepokewa huko. Sikuwadharau. Aliyepigwa akimbie, na aliyetishiwa akimbie. Mimi sikupigwa. Na kaburi la mume wangu halibebeki kichwani kama mzigo. Nikimbie kwangu kwa kosa gani?

Nikaendelea kufagia. Sasa nafagia na mavi ya ng'ombe wasio wangu. Maziwa wanakamua wao wanakwenda nayo, mavi wananiachia mimi. Asubuhi moja nimeinama, mikono imejaa, nimefika katikati ya nyumba, mgongo unauma, nikasimama wima nikajiuliza, hivi namfagilia nani? Mume wangu hayupo. Watoto hawapo. Mimi mwenyewe nakaa kwenye kona moja karibu na mafiga. Nyumba nzima hii namfagilia mtu ambaye bado hajaingia.

Mama uliyeniuliza kisimani, hapo ndipo nilipojua. Siku utakapokuwa unaifagia nyumba na hujui unamfagilia nani, wakati umefika. Usingoje dalili nyingine.

Nikaenda kunawa. Nikachukua mpini wa jembe, nikachora chini pale uani, upande wa pili wa kaburi, nyumba ndogo. Kitanda hapa, mafiga hapa, chungu cha maji hapa, mgeni mmoja hapa. Halafu nikasimama mahali pa mlango nikachomeka ufito huku na ufito huku, nikipima kwa mabega yangu. Nikaongeza kiganja kimoja, maana sitabaki mwembamba maisha yote. Basi. Hapo anapita mtu, tena mmoja.

Mianzi nilikata mwenyewe. Watu wakaja kuona mwanamke anayekata mianzi, kama vile panga lina macho ya kumchagua anayelishika. Shemeji naye akaja.

"Hiki ni nini? Banda la kuku?"

"Nyumba yangu."

"Askari wa Mjerumani akija kuhesabu nyumba, hicho nacho atakihesabu. Utadaiwa kodi ile ile ya nyumba ndefu."

"Nitaitafuta."

Akazunguka, akacheka, akaingia kati ya fito zangu mbili. Akasimama pale. "Na ng'ombe watapita wapi?"

"Hawatapita."

Kicheko kikamwishia mdomoni. Alikuwa ameelewa. Akaondoka zake, na mimi mjinga nikadhani nimeshinda.

Akina mama wa ufukweni, kwenu sijui, lakini kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Ukimsikia anakuja unaacha njia, unajificha, unafunika uso mpaka apite. Husemi naye, hutaji jina lake. Miaka yote ya ndoa yangu baba mkwe nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mbwa wake, uso wake sikuujua. Sasa shemeji akafanya jambo ambalo, nikilikumbuka leo, nakiri lilikuwa la akili. Kesho yake asubuhi alimchukua baba yake, mzee wa watu, akambebea kigoda, akamweka katikati ya ua wangu, akamwambia, "Baba, ota jua hapa, pana jua zuri." Akaenda zake.

Basi mimi nikalazimika kukimbilia migombani. Mzee ameketi, mbwa amelala miguuni pake, nami nimechutama nyuma ya mgomba kutwa nzima kama mwizi wa ndizi, kwangu mwenyewe. Udongo nilioukanda kwa miguu ukakauka ukapasuka. Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Mzee hakuwa na neno baya, alikuwa anaota jua tu kama alivyoambiwa. Na huku mawingu yanaanza kukaa juu ya milima ya Ukinga. Kila mtu hapa anajua mvua zetu zikianza haziombi radhi. Kuta zisipokandikwa na paa lisipoezekwa kabla ya mvua, nyumba yangu ingeyeyuka ikarudi kuwa tope, na matanga ya mwisho yangenikuta ndani ya nyumba ndefu. Hapo nimekwisha.

Nililia migombani. Si kwa huzuni, kwa hasira. Kulia kwa hasira kunachosha zaidi.

Ndipo akapita rafiki yangu Mkisi, mfinyanzi, ambaye huniletea vyungu nami nampa mpunga na ndizi. Akanikuta nimechutama.

"Dada, unajificha na nani?"

"Baba mkwe. Yuko uani."

"Anakufukuza?"

"Ameketi tu."

Akatua vyungu vyake, akachungulia kati ya majani, akamtazama mzee, akanitazama mimi. "Sasa yeye ameketi kwako, na wewe umehama. Nani ana nguvu, aliyeketi au aliyehama? Si ukaketi na wewe."

"Desturi hairuhusu."

"Desturi yenu inasemaje?"

"Inasema nijifiche."

"Inasema ujifiche wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, jibu likakosekana. Kweli, desturi ilisema nijifiche. Haikusema nijifiche mbali. Nimeolewa miaka yote ile, nimekimbia mashambani, nimekimbia mitoni, nimekimbia kwa majirani, na hakuna aliyewahi kunipimia umbali.

Nikajifunika kanga yangu kichwani, nikazunguka nyuma, nikaingia nyumba ndefu kwa mlango wa ng'ombe. Mle alikuwa amebaki ng'ombe mmoja, jike lenye mguu mbovu ambalo halikwenda malishoni. Ukuta wa mianzi katikati, mzee nje, mimi ndani. Simwoni, hanioni. Kusema naye siwezi. Lakini kusema na ng'ombe, nani amenikataza?

Nikapaza sauti. "Wewe ng'ombe, unanisikia? Mwenyewe wako anasema ulipolala wewe ndipo kwake, na kilichomo ndani ni chake. Sawa. Mimi nyumba hii siigombei. Achukue mianzi, achukue paa na matundu yake."

Mbwa akatikisa masikio, nilisikia. Nikaendelea.

"Lakini mimi si chungu, ng'ombe, wala si ungo. Sitaki kurithiwa pamoja na ukuta. Na sitaki kwenda popote. Mume wangu amelala hapo nje, na kaburi lake nalifagia mimi kila siku. Nikiolewa kwa nguvu nitatoroka, najijua. Nikitoroka, mwana wa watu atafagiliwa na nani? Niambie, ng'ombe. Baba yake ataweza kuinama?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesema zaidi ya nilivyokusudia. Nikaziba mdomo kwa kanga. Nikasikia kikohozi, kile ninachokijua. Halafu kwa mara ya kwanza nikamsikia mzee anasema muda mrefu, naye alikuwa anasema na mbwa wake.

"Mbwa, unakumbuka nyumba yangu kubwa? Hukuwa umezaliwa. Vijana wetu walipotawazwa kushika nchi, sisi wazee tuliambiwa tusogee pembeni. Nilijua siku inakuja. Mke wangu akasema tuhame sasa tuna nguvu. Nikasema bado, bado. Nikakaa mpaka vijana wakaingia uani kwangu na majembe, wananipimia viwanja mbele ya macho yangu, wananiuliza mzee vyombo vyako tuviweke wapi. Walinibeba na kigoda changu. Mpaka leo wananibeba na kigoda changu."

Mimi ndani nimekumbatia shingo ya ng'ombe.

"Mbwa," akasema tena, "huyu aliyeniweka hapa anadai nyumba walimolala ng'ombe wake, na kilichomo. Apewe. Neno ni lake mwenyewe. Lakini kama mwanamke hamo, hamo. Na kama pana nyumba ambayo ng'ombe haingii, mwanangu atadai nini humo?"

Kisha nikasikia kigoda kinaburuzwa. Nikachungulia kwenye ufa. Mzee alikuwa amekigeuza, ameketi tena, uso umeelekea njiani, mgongo umeelekea fito zangu. Amenipa mgongo wake. Hanioni, simwoni uso, desturi haijavunjwa hata unywele, na ua wote nyuma yake ni wangu.

Nilitoka, nikaanza kukanda udongo. Rafiki yangu Mkisi akavua vikuku akaingia topeni nami, vyungu vyake vikalala bila kuuzwa. Na kila asubuhi shemeji alimleta baba yake mwenyewe, kwa mkono wake, akidhani ananizuia. Akiondoka tu, mzee anageuza kigoda. Ukuta ukapanda. Siku shemeji alipogundua, alikuja mbio, mdomo umejaa matusi. Akamkuta baba yake ameketi katikati ya njia, amemzibia, fimbo magotini. Mtoto gani atatukana juu ya kichwa cha baba yake? Akayameza. Mzee aliyeletwa anizuie ndiye akawa lango langu.

Mabinti zangu wakaja na nyasi, wakaezeka. Siku ya kuhama niling'oa mafiga yangu matatu kutoka nyumba ndefu, na hapo, nisiwadanganye, nililia kweli. Nyumba ile mikono ya mume wangu ilikuwa imepita kila mahali. Niliugusa ukuta wangu mwekundu na mweupe, nikauaga. Lakini nililia nikitembea, mafiga mikononi. Tena nilihama kwa miguu yangu, hakuna aliyenibeba.

Mvua ya kwanza ikaja nami nimo ndani. Na jioni ile ile kwato zikaja pia. Shemeji hakuwa mtu wa kukata tamaa haraka, nampa sifa hiyo. Aliwaswaga ng'ombe wake mpaka mlangoni pangu, akalipiga dume la mbele fimbo ya mgongo. Mimi niko kwenye moto, napika. Nikaona kichwa cha ng'ombe kinaingia, mvua inamtiririka puani. Pembe zikagonga mwimo wa kulia, zikagonga mwimo wa kushoto. Likasukuma, likarudi nyuma, likajaribu tena. Likanitazama. Nikalisalimu, "Ugonile." Likageuka.

Nje nikamsikia shemeji anahema. Sikutoka, sikumsimanga. Nilikoroga ugali wangu. Mwishowe akawaswaga kuelekea nyumba ndefu, na huko wakalala, na huko ndiko kukawa kwake kama alivyosema. Matanga ya mwisho yakafanyika, akadai alichodai, mzee akamjibu mbele ya ukoo neno lile lile alilomwambia mbwa, na wazee wakaitikia. Ng'ombe wakakaa msimu ule. Lakini nyumba ndefu bila mtu wa kufagia na mtu wa kuezeka haimalizi mvua mbili. Leo pale pana viazi vyangu.

Wapo wanaosema nilimdhalilisha. Wapo wanaosema mjane anayekaa peke yake kwenye kijumba ni aibu ya ukoo. Wanasema mpaka leo, wengine wakitoka kula kwangu. Kibaya chako si chema cha mwenzio. Kijumba changu moto mmoja unakitosha chote, kinafagiwa kabla jogoo hajanyamaza, na paa lake naezeka mimi na binti mmoja. Hakivuji.

Nawashukuru. Kyala kwanza, ndaga fijo. Namshukuru rafiki yangu wa ufukweni, yule pale anayejifanya anatafuta kitu kikapuni, aliyeniuliza swali dogo nikakosa jibu. Nawashukuru mabinti zangu. Namshukuru baba mkwe, ambaye ametangulia, na ambaye uso wake niliuona siku ya kumzika, tulipofunua sanda. Nilimwona, nikaona ana macho ya mume wangu. Mgongo wake niliujua zaidi. Hata shemeji namshukuru, asingekuwa mkaidi ningekuwa bado nafagia. Sasa anaweza kuacha kutazama vidole vyake, nimemaliza habari zake, na tangu abatizwe tunasalimiana vizuri.

Mama wa kisimani, nilichonacho cha kukupa ni hiki. Usiiache nyumba kubwa kwa sababu umechekwa, wala usiishikilie kwa sababu utachekwa. Iache ukiwa bado unaweza kukata mianzi yako mwenyewe. Mlango wako upime kwa mabega yako, usikubali mtu aupime kwa ng'ombe wake.

Ibada ikiisha karibuni kwangu wote, nimepika. Mtaingia mmoja mmoja. Na ukiona mlango umekubana, usiulaumu, nao unakuuliza tu umekuja na nini.